Ardhi Iliyopiganiwa: Kutoka Mkondo wa Bandari ya Dar es Salaam hadi Lugalo

Wanafunzi wangu wa historia, hapa Temeke, hutaja tarehe 17 Agosti 1891 bila kusita, lakini ukiwataka waoneshe kwenye ramani mahali ambapo Wahehe walikiangamiza kikosi cha Wajerumani siku hiyo, baadhi yao hugusa hospitali ya jeshi iliyo karibu na Mwenge. Siwalaumu. Kambi na hospitali ya Lugalo wanazipita kila siku wakiwa kwenye daladala, ilhali Lugalo yenyewe, ile ya mawe na vichaka iliyo nje ya Iringa, hakuna aliyewahi kuwapeleka. Katika likizo ya Juni nilifunga safari na jirani yangu, mpima ardhi mstaafu ambaye katika maandishi haya nitamwita Mzee, kwa nia ya kuviangalia viwanja vya vita kwa jicho la ardhi zaidi kuliko la minara: vimo mikononi mwa nani, vinatumiwaje, na mwanafunzi akifika atakuwa na nini cha kusoma pale.

Jumatatu, Magogoni

Tulianzia kwenye pantoni ya Kigamboni, kwa sababu watu wengi wa mji huu hawajui kwamba mkondo wanaouvuka kila asubuhi ni uwanja wa vita. Tarehe 8 Agosti 1914, siku chache tu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuanza Ulaya, manowari ya Kiingereza iliyoitwa Astraea iliushambulia mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam, na Wajerumani wakazamisha gati lao linaloelea kwenye mlango wa bandari ili manowari zisipite. Tarehe 28 Novemba mwaka huohuo Waingereza waliingia kwa mashua ndogo kuziharibu injini za meli za Kijerumani zilizokuwa zimejificha ndani. Walipokuwa wakitoka walipigwa risasi kutoka kando zote mbili za mkondo, na ofisa wao, Henry Peel Ritchie, aliyejeruhiwa mara nane huku akiendelea na kazi yake, alipewa nishani ya Victoria Cross, ya juu kabisa ya ushujaa kwa Waingereza. Mizinga ya manowari iliupiga mji, na kasri la gavana likaharibiwa. Ikulu ilijengwa upya mahali palepale mwaka 1922.

Tulivuka, tukarudi, tukavuka tena. Mzee alisimama upande wa kulia wa pantoni na kunitaka nikadirie upana wa mkondo kwa macho, kisha akaniuliza kama naelewa sasa kwa nini mtu aliyekuwa kwenye mashua hakuwa na pa kujificha. Nilielewa. Nimekuwa nikilisoma tukio hilo kwa miaka mingi, lakini wembamba wa mlango ule, na namna ufukwe wa pande zote mbili unavyolitazama jicho la maji, ni mambo ambayo hakuna aya ya kitabu iliyowahi kunipa. Bandari, kwa bahati, haiwezi kugawanywa viwanja na kuuzwa. Umbo lake limebaki na mapigano yanasomeka hadi leo, ingawa hakuna hata kibao kimoja tulichokiona cha kumweleza abiria yaliyotokea.

Jumanne, Mnara wa Askari na makaburi ya vita

Asubuhi tulikwenda Posta kuuona Mnara wa Askari, uliozinduliwa mwaka 1927 pale ambapo barabara ya Samora inakutana na ya Maktaba. Kabla yake, wakati wa Wajerumani, palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, mtu aliyetumwa kuuvunja upinzani wa watu wa pwani na ambaye utawala wake ulimnyonga Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani huo, huko Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Waingereza walipouteka mji mwezi Septemba 1916 waliiondoa, ikapelekwa Uingereza na hatimaye Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1968. Sanamu huhamishika. Askari wa shaba aliyesimama sasa, akiielekeza bunduki yake bandarini, anaweza naye kuhamishwa siku yoyote iwapo barabara itahitaji nafasi, na historia ya vita itabaki ilivyo, kwa kuwa pale kwenye mzunguko hapakupiganwa vita vyovyote.

Kutoka hapo tulitembea hadi Kariakoo, ambapo palikuwa na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza baada ya mji kutekwa. Pamejaa maduka sasa na sina la kuongeza, isipokuwa kwamba mfanyabiashara mmoja wa vitenge aliposikia tunachokitafuta alituambia kwa upole, "Wazee wangu, hapa kila futi ina mwenyewe." Wapagazi waliokufa katika vita vile, kwa njaa, kuhara na uchovu kuliko kwa risasi, wanakadiriwa na wanahistoria wengi kuwa karibu 100,000.

Mchana tulifika kwenye makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara ya Bagamoyo, na hapo tulikaa hadi jua lilipoanza kushuka. Nyasi zimekatwa vizuri, mistari ya mawe imenyooka, na ukuta wa kumbukumbu una majina zaidi ya 1,500 ya Waingereza na Wahindi waliokufa tangu Januari 1917 na ambao makaburi yao hayajulikani. Asiyeijua historia ya mahali hapa atadhani wafu hawa wamelala hapa tangu walipozikwa. Sivyo. Makaburi haya yalianzishwa mwaka 1968, pale makaburi 660 ya barabara ya Ocean Road yalipolazimika kuhamishwa ili kupisha ujenzi wa barabara mpya. Waliokuwa na mawe yao walihamishwa na mawe yao. Waafrika, pamoja na wengine waliozikwa katika sehemu ambazo hazikuwekewa alama za mtu mmoja mmoja, walizikwa upya katika makaburi ya pamoja yenye kuta za ukumbusho. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi.

Mzee alilizunguka eneo lote akitazama uzio. Alisema kuwa hapa pana mpaka, pana mtunzaji, na pana taasisi inayolipa gharama, na hata hivyo wafu hawa waliwahi kuhamishwa kwa ajili ya barabara. Basi uwanja wa vita usio na jiwe, uzio wala mtunzaji utajiteteaje siku mchoro wa mipango miji utakapopita juu yake? Swali hilo ndilo lililotuongoza katika siku zote zilizofuata.

Jumatano, Pugu

Tulipanda gari la Gongo la Mboto, tukaunganisha hadi Pugu. Hapa, tarehe 13 Januari 1889, wapiganaji wa upinzani wa pwani waliishambulia misheni ya Wabenediktini iliyokuwa haijatimiza hata mwaka mmoja tangu kuanzishwa. Wamisionari watatu waliuawa na wengine wakachukuliwa mateka. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anaijua Pugu kwa sababu nyingine, yaani kwamba Julius Nyerere alifundisha pale kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955 na kuingia moja kwa moja katika siasa.

Hatukukaa sana. Jambo lililonivutia ni kwamba vilima vya Pugu bado vinaonekana kama vilima, tofauti na maeneo mengi ya pembezoni mwa jiji ambako mteremko wote umevikwa mabati, na sababu kubwa ni kwamba msitu ulio jirani umehifadhiwa kisheria kwa ajili ya miti yake. Miti imelindwa, na historia imefaidika bila kukusudiwa. Ulinzi wa namna hiyo ni mzuri ukidumu, ila haumwambii mtu yeyote kilichotokea, na aliyepanga mipaka ya msitu hakuwa akiitazama misheni.

Alhamisi, njiani

Basi liliondoka Mbezi Luis alfajiri. Chalinze, Morogoro, Mikumi, kisha mibuyu ya Ruaha Mbuyuni na kona za Kitonga, ambako abiria wote hunyamaza kwa muda. Tulilala Ilula, penye vitunguu na nyanya kila upande wa barabara. Mzee alitumia jioni nzima kunifundisha kusoma karatasi ya ramani ya 1:50,000 aliyoibeba kwenye mwanzi, na kunieleza kwa nini mistari ya miinuko ina thamani kubwa kwa mwalimu wa historia kuliko picha ya shujaa.

Ijumaa, Lugalo

Tulisalimia kwa "kamwene" na kuomba kwanza kuonana na viongozi wa kijiji, kwa kuwa Mzee hakubali kukanyaga ardhi ya watu kwa kisingizio cha utafiti kabla ya kujitambulisha. Tulipewa mwenyeji, mzee wa makamo yake, mjumbe wa halmashauri ya kijiji, naye akatupeleka hadi kwenye mnara ambao Wajerumani waliujenga kuwakumbuka watu wao.

Habari yenyewe inajulikana. Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la kikoloni, alitoka pwani na kikosi chake mwaka 1891 akichoma vijiji njiani, na asubuhi ya tarehe 17 Agosti safu yake ndefu ya askari, wapagazi na punda waliobeba mizinga ilipita katika njia nyembamba kati ya mawe na vichaka. Wahehe, wakiongozwa na Mpangile, ndugu yake mtawala wao Mkwawa, walikuwa wamelala humo na mikuki yao. Mapigano yalikwisha kwa dakika chache; Zelewski aliuawa pamoja na maofisa wenzake wengi na sehemu kubwa ya askari, na Wahehe wakateka bunduki na mizinga. Luteni Tettenborn, aliyekuwa nyuma ya safu, ndiye aliyekusanya manusura na kurudi na taarifa.

Mambo yote hayo yanahusu urefu wa safu na upana wa njia. Ukisimama pale ambapo mawe yanaikaribia njia, unaelewa kwa nini bunduki hazikufaa kitu: hapakuwa na umbali wa kuzitumia. Mzee alipima kwa hatua, akaandika majiranukta ya mahali pale kwenye daftari lake, kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa nikiliogopa. "Mwalimu, mpaka wa uwanja huu ni upi?"

Mnara una mahali pake, na mtu anaweza kuuzungushia uzio wa mita kumi kwa kumi na kusema kazi imekwisha. Lakini safu ya watu mamia kadhaa haikai ndani ya mita kumi, na waliojificha hawakujificha kwenye mnara. Uwanja ni njia nzima, mawe yote yaliyowaficha Wahehe, na mwinuko ambako Tettenborn alijikusanya. Ukilinda mnara peke yake umelinda kumbukumbu ya walioshindwa, kwa kuwa wao ndio waliojengewa. Walioshinda waliitumia ardhi yenyewe, na ardhi hiyo ndiyo hati yao pekee. Wakati tunatembea nilikuwa nikiyatazama mawe kwa wasiwasi. Hatukuona mahali palipopondwa, lakini mtu anayetoka Dar es Salaam anajua bei ya lori la kokoto, na mawe ya namna hii ndiyo wapasuaji wanayoyatafuta.

Nilimweleza mwenyeji wetu yaliyofanyika Marekani katika uwanja wa Little Bighorn, ambako Walakota na Wacheyenne walikishinda kikosi cha jeshi la Marekani kilichoongozwa na Custer mwezi Juni 1876. Moto uliunguza nyasi za eneo hilo mwaka 1983, na mwaka uliofuata wanaakiolojia walilipima kwa vifaa vya kutambua vyuma, wakiandika mahali hasa palipolala kila risasi na kila ganda, hata wakaweza kufuata mwenendo wa bunduki moja moja kutoka kilima kimoja hadi kingine. Kwa njia hiyo masimulizi ya wenyeji, ambayo yalikuwa yamepuuzwa kwa karibu karne nzima, yalipata ushahidi wa ardhini. Kipande cha chuma kinachookotwa na kupelekwa nyumbani hubaki chuma tu. Kikiachwa mahali pake hadi mtaalamu mwenye leseni akipime, kinakuwa sentensi katika habari ndefu.

Mwenyeji wetu alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema jambo ambalo kila anayezungumzia hifadhi anapaswa kulisikia mapema. "Mwalimu, nimekuelewa. Ila nyinyi mkishatangaza hifadhi, sisi tutalima wapi?"

Mzee ndiye aliyejibu, na alijibu kama mtu wa ardhi. Alieleza kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inampa Waziri uwezo wa kutangaza eneo la kihistoria kuwa la kulindwa, na kwamba hiyo ni njia ya juu. Ipo pia njia ya kuanzia chini. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoidhinisha mgawanyo wake. Kijiji kinapoandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi hutenga malisho, makazi, mashamba, vyanzo vya maji na maeneo ya mila. Hakuna kinachokizuia kutenga pia ukanda wa vita na kuuandikia masharti yake. Jembe la mkono halina madhara makubwa, kwa hiyo anayelima aendelee kulima. Kisichoruhusiwa kiwe kuchimba misingi, kupasua mawe, kuchimba mchanga na kuingiza trekta la kuchimbua chini sana. Mwenye shamba asihamishwe, na kama siku moja Serikali itataka kulihamisha eneo kutoka ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya hifadhi, suala la fidia lijadiliwe kwanza na watu wenyewe.

Mwenyeji hakusema ndiyo wala hapana. Alisema angependa kuyasikia maneno hayo yakisemwa mkutanoni, mbele ya vijana, kwa sababu vijana ndio wanaotafuta viwanja vya kujenga. Nilimheshimu zaidi kwa jibu hilo kuliko kama angekubali papo hapo.

Jumamosi, Kalenga

Kalenga ina kile ambacho Lugalo haina: makumbusho, watunzaji na wageni. Hapa ndipo linapohifadhiwa fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani, ambalo kurudishwa kwake kuliandikwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 lakini likarejeshwa tarehe 19 Juni 1954 tu. Tulikuta wanafunzi wa shule ya msingi wakiwa wamepanga mstari, walimu wao wakiwahimiza waandike tarehe.

Lakini Kalenga ilikuwa ngome. Wajerumani waliipiga kwa mizinga na kuiteka tarehe 30 Oktoba 1894, na nyumba za kijiji cha leo zimesimama ndani ya mzunguko wake. Nilipouliza kuhusu ukuta, nilioneshwa kwa mkono: ulipita huku, ukaenda kule. Watoto waliandika tarehe, wakalitazama fuvu, wakapanda basi lao bila kutembezwa hata hatua mia moja kuufuata mstari wa ukuta, ingawa kutembea huko hakungegharimu chochote. Naamini nguzo fupi za zege, zilizowekwa kila baada ya mita hamsini kwa ridhaa ya wenye nyumba, zingewafundisha ukubwa wa ngome ile kuliko maelezo yote ya ndani.

Jumapili, kurudi

Ndani ya basi tulibishana kuhusu Wamarekani. Shirika lao la American Battlefield Trust limekwisha kulinda zaidi ya ekari 50,000 za viwanja vya vita, mara nyingi kwa kuchanga fedha na kuinunua ardhi kabla ya wajenzi wa maduka na nyumba hawajaifikia, na pengine kwa kumlipa mkulima ili abaki na shamba lake lakini akubali kwa maandishi, yeye na warithi wake, kutolijenga kamwe. Mimi nilisema kuwa sisi hatuwezi, kwa kuwa ardhi yetu ni ya umma chini ya udhamini wa Rais na kinachotolewa ni haki ya kuitumia. Mzee alinipinga. Alisema kuwa hapo ndipo penye nafuu yetu: Mmarekani lazima apate mamilioni ya dola kabla ya kuokoa bonde moja, ilhali hapa makubaliano ya mkutano mkuu wa kijiji, yakiandikwa vizuri, yakachorwa kwenye ramani na kusajiliwa, yanaweza kufanya kazi ileile kwa gharama ya upimaji na vikao. Udhaifu wake, alikiri mwenyewe, ni kwamba mkutano mwingine unaweza kuyabadilisha. Ndiyo maana elimu haiwezi kuja baadaye. Watakaopiga kura miaka ishirini ijayo ni watoto walio darasani sasa.

Jumatatu, Temeke

Nilikutana na walimu wenzangu wa somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mmoja alipendekeza tuwapeleke wanafunzi Makumbusho ya Taifa tu, kwa sababu nauli ya Iringa ni kubwa, na ana haki ya kuitaja nauli. Tulikubaliana kuanza na tuliyo nayo mlangoni. Darasa litavuka kwa pantoni na karatasi mkononi, kila kundi likichora mkondo wa bandari, likiweka alama mahali mashua zilipopita na mahali risasi zilikotoka, kisha wiki itakayofuata litakwenda barabara ya Bagamoyo kuhesabu waliopewa majina na kutafuta kuta za wasiopewa. Mzee atafundisha vipindi viwili vya kusoma ramani bila malipo, kwa sharti kwamba wanafunzi wote, wasichana na wavulana, washike kifaa wenyewe.

Kwa ajili ya Lugalo tutachukua kundi dogo wakati wa likizo ya Desemba. Barua ya kuomba ruhusa imeelekezwa kwa halmashauri ya kijiji, nakala kwa ofisi ya utamaduni ya wilaya, na ndani yake tumeomba jambo moja zaidi ya kutembezwa: kwamba, iwapo wanakijiji wataridhia, Mzee apewe nafasi katika mkutano mkuu wa kueleza ukanda wa vita ungepita wapi na nani angeendelea kulima ndani yake.